Joji ya Esansi Ikisema Uongo

USALAMA NA AFYA: SOMO KWA MFANYAKAZI NA JAMAA YAKE



Ni saa 12 ya asubuhi. Unatoka nyumbani kwako Kamalondo, unaingia katika motokari, unafungua kontaki. Unatazama joji ya esansi: mshale uko katikati. Moyo wako unatulia. Lakini mbele kidogo motokari inakohoa mara mbili, kisha inazima katikati ya barabara, malori nyuma yako yanapiga honi. Unatazama joji tena. Mshale ungali pale pale, katikati. Umedanganywa.

Unafanya nini? Unafanya kama wengi wetu. Unamtafuta Kadhafi, yule muuzaji wa esansi ya kando ya barabara, unanunua bidoni moja, unamimina, unakwenda kazini umechelewa. Jioni unasema moyoni: «Joji hii haiaminiki. Bora niweke bidoni moja nyumbani, siku nyingine isinipate.» Na bidoni inalala jikoni, karibu na mbabula.

Hapo ndipo hatari inapoanzia. Ugonjwa ulikuwa wa waya moja tu, pengine wa kutu kidogo. Dawa uliyochagua ni moto ndani ya nyumba. Somo la leo lina neno moja: tengeneza joji, usiishi na uongo wake. Na ukiitengeneza, anza mbali na tanki. Kufungua tanki ni kazi ya mwisho.

JOJI INAFANYA KAZI NAMNA GANI?

Wengi wanafikiri mshale unaona esansi. Hapana. Mshale hauoni esansi hata kidogo. Unaona umeme tu.

Ndani ya tanki mna kipima. Kina mkono wa chuma, na kwenye ncha ya mkono kuna floteri, yaani kitu chepesi kinachoelea juu ya esansi. Esansi ikipanda, floteri inapanda. Ikishuka, inashuka nayo. Upande wa pili wa mkono kuna ulimi mdogo unaoteleza juu ya kibao chenye kuzuia umeme. Ulimi ukiwa pahali pengine, umeme unapita mwingi. Ukiwa pahali pengine, unapita kidogo.

Umeme huo unatoka katika batri, unapita katika kontaki, katika fizibili, katika joji ya tablo, unafuata waya mpaka kwenye kipima, kisha unarudi kwa njia ya masi, yaani chuma cha motokari yenyewe. Mshale unakwenda kadiri umeme unavyopita. Njia ikikatika pahali popote, mshale utasema uongo, hata tanki likiwa limejaa.

Basi ukiona mshale haufanyi kazi, usiseme mara moja «kipima kimekufa, tufungue tanki.» Njia ni ndefu. Kipima ni kituo kimoja tu.

MAULIZO MATANO KABLA YA KUFUNGUA TANKI

Ulizo la kwanza: mishale mingine na taa za tablo ni nzima?

Kama vitu viwili au vitatu vya tablo vimekufa pamoja, tazama fizibili kwanza. Fizibili iliyoungua haigharimu kitu kikubwa. Weka nyingine ya nguvu ile ile. Usiweke waya wa shaba wala karatasi ya sigara mahali pake: fizibili ni mlinzi, na ukimwondoa mlinzi, siku nyingine waya zitaungua badala yake. Na kama mpya nayo inaungua mara moja, kuna waya iliyochunika na kugusa chuma. Itafute.

Ulizo la pili: joji ya esansi na joji ya joto la maji zinadanganya pamoja, kwa upande mmoja?

Katika motokari nyingi za zamani, joji hizi mbili zinakula umeme kutoka katika kifaa kimoja kidogo nyuma ya tablo, kinachopunguza na kutuliza nguvu ya batri. Kikiharibika, zote mbili zinapanda mno au zinalala pamoja. Hapo tanki halina kosa hata kidogo. Jihadhari: joji ya joto ikidanganya, moteri inaweza kuungua nawe hujui.

Ulizo la tatu: waya na joji ni nzima?

Sasa tafuta pahali waya inapoingia katika kipima. Katika motokari nyingi ndogo ni chini ya kiti cha nyuma, au chini ya zulia la buti. Katika nyingine lazima upite chini ya gari. Zima kontaki. Chomoa waya ya joji. Toka karibu na tanki, fungua kontaki, mwambie mwenzako atazame mshale. Kisha zima tena.

Sasa chukua taa ndogo ya volti 12 na wati 3 hivi, pamoja na waya mbili ndefu. Funga waya moja kwenye ncha ya waya ya joji uliyochomoa, nyingine kwenye chuma safi cha motokari, mbali na tanki. Ndipo ufungue kontaki. Taa inalinda joji, kwa sababu umeme hauwezi kupita mwingi mno. Na ukifunga waya wakati kontaki imezimwa, hakuna cheche karibu na tanki. Shika sana utaratibu huu: funga kwanza, fungua kontaki nyuma.

Kama mshale umekwenda upande mmoja ulipochomoa, na umekwenda upande wa pili ulipofunga taa, joji ni nzima na waya ni nzima. Kosa liko kwenye kipima au kwenye masi yake. Kama mshale haukutikisika, kosa liko mbele: fizibili, waya au joji yenyewe. Tanki liache kabisa.

Angalizo: kama motokari yako ni ya kisasa, ambayo esansi inaonyeshwa na kompyuta, usifanye jaribio hili. Mwachie fundi mwenye chombo chake.

Ulizo la nne: masi ni safi?

Hili ndilo ulizo ambalo mafundi wengi wanalisahau. Wakati wa mvua maji na matope vinapiga chini ya motokari. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu linaingia kila pahali. Waya ya masi ya kipima inashika kutu, na umeme haupati njia ya kurudi. Kontaki ikiwa imezimwa, funga waya nyingine ya muda kutoka kwenye masi ya kipima mpaka kwenye chuma safi. Rudisha waya ya joji. Fungua kontaki. Mshale ukisimama vizuri, ugonjwa umeonekana. Safisha chuma, kaza skrubu, paka grisi kidogo juu. Kazi imekwisha, na tanki halikufunguliwa.

Ulizo la tano: chombo cha kupimia kinasema nini?

Kama una chombo cha kupimia omu, au fundi wako anacho, pima kipima kingali ndani ya tanki. Toyota nyingi zinazotoka Japani, zile zenye usukani wa kuume tunazoziona kila siku Lubumbashi, zinatoa omu 3 hivi tanki likijaa, na omu 110 hivi likiwa tupu. Vipima vya VDO vya Wajerumani vinakwenda kinyume: omu 10 hivi tupu, na 180 hivi kujaa. Kwa hiyo usichukue kipima cha motokari ya aina nyingine sokoni ukakiweka tu kwa sababu kinaingia katika tundu. Kitaingia, lakini kitasema lugha nyingine: tanki likijaa, mshale utasema limekwisha. Na mbaya zaidi, likiisha, utasema limejaa.

Chombo kisiposoma kitu chochote, kibao kimekatika ndani. Kikisoma namba isiyobadilika hata baada ya kujaza esansi, mkono umekwama au floteri imezama. Sasa, ndiyo, lazima tanki lifunguliwe.

KABLA YA KUFUNGUA: JUA ADUI YAKO

Wewe unayefanya kazi chini ya ardhi unajua kwamba hewa mbaya haionekani kwa macho. Esansi ni vile vile. Si maji yake yanayoshika moto kwanza, ni mvuke wake.

Mvuke wa esansi unatoka wakati wote. Hata asubuhi za mwezi wa 7, wakati baridi ya Lubumbashi inatuvalisha makoti, esansi inatoa mvuke wa kutosha kuwaka. Ingehitaji baridi ya digrii 40 chini ya sifuri ndipo iache. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, mara tatu au nne. Haupandi juu kama moshi. Unatambaa chini, kama nyoka, unapita chini ya mlango, unafika kwenye mbabula ya jirani. Ukiwaka kule, moto unarudi mbio mpaka hapa ulipo. Sehemu 1 na nusu hivi ya mvuke katika sehemu 100 za hewa inatosha.

Kwa hiyo tanki karibu tupu si salama kuliko lililojaa. Ni hatari zaidi, kwa sababu ndani yake esansi imeacha nafasi kwa mvuke na hewa.

Kumbuka Sange, Kivu ya Kusini, tarehe 2 mwezi wa 7 mwaka 2010. Lori la esansi lilipinduka, watu wakakusanyika, wengine wakachota. Wengine walikuwa karibu wanatazama mpira wa Kombe la Dunia. Moto ulipowaka, watu zaidi ya 200 walikufa. Lile lilikuwa lori zima. Lakini bidoni moja katika lupango lenye nyumba tatu inatosha kuua jamaa moja.

KUFUNGUA TANKI KWA USALAMA

Kamalondo ni komini ya zamani, nyumba zimekaribiana. Malupango yetu yana mama wanaopika, watoto wanaocheza, vijana wanaochoma vyuma kwa umeme. Basi fanya hivi:

1. Toa motokari nje, mahali pa wazi penye upepo. Usifanye kazi hii katika garaji iliyofungwa, wala juu ya shimo la kukagulia motokari, kwa sababu mvuke unajaa ndani ya shimo.

2. Mwambie mama na majirani kwanza. Kila mbabula izimwe, au ipelekwe mbali. Hakuna sigara, hakuna kuchoma chuma, hakuna simu mkononi. Watoto waende mbali.

3. Weka tayari kizima-moto cha unga, au ndoo mbili za mchanga mkavu. Usimwagie maji esansi inayowaka: esansi inaelea juu ya maji na moto unatembea nayo.

4. Ondoa waya wa batri, ule wa upande wa kutoa. Sasa hakuna umeme katika motokari. Taa ya kazi iwe tochi iliyofungwa vizuri, na iwashwe mbali, kabla ya kukaribia. Taa ya balbu yenye waya mrefu hapana: ikianguka ikavunjika, ni kiberiti.

5. Kama pompi ya esansi imefungwa pamoja na kipima, kuna msukumo katika mabomba. Mwachie fundi anayejua kuutoa.

6. Futa vumbi juu ya tanki kabla ya kufungua, lisianguke ndani. Toa kipima polepole bila kupinda mkono wake. Funika tundu mara moja.

7. Usinyonye esansi kwa mdomo na mpira. Kamwe! Tutasema hapo chini kwa sababu gani.

Sasa tazama kipima ukiwa mbali na tanki. Tikisa floteri karibu na sikio: ukisikia maji ndani, imetoboka na inazama, ndiyo maana mshale ulilala chini siku zote. Nunua nyingine. Usiichome kwa risasi ya moto, kwa sababu esansi iliyo ndani yake italipuka mbele ya uso wako. Inua mkono pole pole kutoka chini mpaka juu huku chombo kikipima omu: namba ziende bila kuruka. Zikiruka pahali pamoja, kibao kimechafuka au kimelika. Kisafishe kwa dawa ya kusafishia vifaa vya umeme na kitambaa laini, si kwa msasa, msasa utakimaliza. Kama kimelika kabisa, badilisha kipima chote, cha aina ile ile.

Ukirudisha, weka mpira mpya wa kuziba. Mpira wa zamani ukivuja, mvuke utaingia ndani ya motokari, pale watoto wanapokaa. Rudisha waya wa batri mwisho wa yote, baada ya kunusa na kuona kwamba hakuna harufu.

Na tanki lenyewe likitoboka? Usikubali fundi alichome, hata akikuambia ni tupu, hata likiwa limekaa mwezi mzima. Matanki «matupu» yameua mafundi wengi.

WAKATI UNANGOJA MSHAHARA

Tunajua, kipima kipya kina bei. Kama lazima ungoje, tumia hesabu badala ya bidoni.

Jaza tanki mpaka juu. Andika katika kadaftari kilometa zilizo kwenye tablo. Tuseme tanki lako ni la lita 50, na motokari inakula lita 10 kwa kilometa 100. Kwa esansi yote ungeweza kwenda kilometa 500. Lakini usikubali kufika huko: weka mpaka wako kwenye kilometa 350, kisha jaza tena. Kutoka Lubumbashi kwenda Likasi ni kilometa 120 hivi. Kwenda na kurudi ni 240, yaani lita 24. Unapita vizuri. Kolwezi ni kilometa 300 hivi: unafika, lakini usirudi bila kujaza kule. Hata siku TP Mazembe inacheza katika uwanja wake hapa Kamalondo, na motokari zinasimama saa nzima moteri zikizunguka, ongeza lita mbili katika hesabu yako.

Usipime tanki kwa kuwasha kiberiti juu ya tundu «ili uone ndani». Utaona, lakini mara moja tu.

Na ikitokea lazima ubebe esansi kidogo, tumia bidoni iliyotengenezwa kwa esansi, yenye kifuniko kinachokaza. Iweke chini, ardhini, wakati wa kujaza, si ndani ya motokari juu ya zulia. Usiijaze mpaka mdomoni. Imwage yote katika tanki siku ile ile. Isilale nyumbani.

KWA MAMA WA NYUMBANI

Mama, somo hili ni lako pia, kwa sababu ni wewe unayekaa na bidoni hiyo mchana kutwa.

Usikubali esansi katika chupa ya limonadi. Mtoto hasomi, anaona limonadi tu. Mtoto akinywa esansi, usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta ya ngazi. Esansi ikirudi juu inaingia katika mapafu, na hapo ndipo inapoua. Hiyo ndiyo sababu tunakataza kunyonya kwa mpira. Mpeleke hospitali upesi, pamoja na chupa ili muganga aione, hata kama anaonekana mzima: kikohozi na homa vinaweza kuja saa chache baadaye.

Nguo zikishika moto, mtu asikimbie. Alale chini na kugaagaa, mfunike kwa blanketi nzito. Kisha mwagia pahali palipoungua maji safi ya baridi kwa dakika 20. Hakuna dawa ya meno, hakuna mafuta. Hospitali.

Na baba akirudi na mikono ya grisi, asinawe kwa esansi. Wazee waliogopa risasi iliyokuwa ndani ya esansi. Ni kweli, na esansi ya risasi iliondolewa katika nchi zetu za Afrika kusini ya Sahara mpaka mwaka 2006. Lakini esansi ya leo ingali na benzeni, inayopita katika ngozi na mapafu na kuharibu damu ya mtu anayeigusa siku zote. Sabuni na maji vinatosha.

YA KUKUMBUKA

Mshale hauoni esansi, unaona umeme.
Anza kwenye fizibili, maliza kwenye tanki.
Funga waya kwanza, fungua kontaki nyuma.
Tanki karibu tupu ni hatari kuliko lililojaa.
Esansi hailali nyumbani.

Kazini hakuna anayekubali kushuka na kipimo cha hewa kilichokufa. Kapita angekirudisha mara moja. Basi kwa sababu gani tunakubali kipimo kilichokufa katika motokari inayowabeba watoto wetu?

Jumapili hii, kabla ya mpira, chukua nusu saa. Jibu yale maulizo matano. Na kama kuna bidoni jikoni, itoe leo.